Sahani ya Mchina kaburini, na fundi asiye na jina

Wadau, naanza na aibu yangu. Mwaka juzi nilitoka Mtawanya kwenda Dar kwa shangazi, tukaibukia Kunduchi kwenye yale makaburi ya kale yenye nguzo ndefu za mawe. Kwenye nguzo moja nikaona tundu la mviringo. Nikatia ngumi, pozi, picha, nikaposti: "Sehemu ya taa ya wahenga."

Mzee mmoja pembeni akaniambia, "Mjukuu wangu, hapo palikaa sahani ya China. Wameibandua."

Nikafuta picha, nikaanza kusoma.

Kumbe kauri za China zilifika pwani yetu karne nyingi zilizopita, zikipitia mikononi mwa wafanyabiashara wa India na Uarabuni. Nyingine zilipakuliwa wali, nyingine zikapanda ukutani. Kule Mambrui, Kenya, nguzo ya kaburi ilipambwa kwa kauri za enzi ya Ming. Kilwa Kisiwani kuna msikiti mdogo wa makuba, wa karne ya 15, mabakuli yamepachikwa juu kabisa ndani ya kuba. Unainua kichwa, panang'aa.

Sasa fikiria kazi yenyewe. Matumbawe yanachomwa juu ya rundo la magogo mpaka yawe chokaa (mikoko ya huku delta imeunguza chokaa sana tu). Fundi anapaka, na chokaa ikiwa bado mbichi anabonyeza bakuli, mdomo ukitazama nje. Akichelewa, halishiki. Akizidisha nguvu, bakuli lililovuka bahari yote ile linampasukia mkononi. Mimi ningetetemeka aisee.

Huko China kwenyewe, kwenye mahekalu ya Fujian na Guangdong, mafundi walikata bakuli vipande vipande wakaunda majoka na maua juu ya paa. Wa kwetu akaliacha zima. Duara moja kwenye ukuta mweupe, basi. Anayesema Waswahili walikopi tu, hapo ndipo tunapobishana.

Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyejenga Husuni Kubwa pale Kilwa karne ya 14, jina lake limo vitabuni. Fundi wa bakuli hana hata a.k.a. Alichotuachia ni ile kazi, nayo ndiyo watu wanaibandua.

Mwezi uliopita nimerudi Kunduchi. Ndani ya lile tundu, chokaa bado ina alama ya kitako cha sahani. Nikapiga picha ya alama. Ngumi nimeacha mfukoni.