Chuma hakijui maneno matupu

WAHENGA walinena, lisemwalo lipo. David Kirkaldy, Mskoti mzaliwa wa Dundee, hakuridhika na lisemwalo. Zama zake, mara nyingi chuma kilinunuliwa kwa kumwamini muuzaji, eti ni imara. Yeye alikivuta hadi kikakatika, akaandika uzito uliokishinda. Matokeo aliyachapisha 1862. Mwaka 1866 akafungua karakana ya kupima chuma jijini London.

Desemba 28, 1879, daraja la Tay, pale pale Dundee, liliporomoka na garimoshi. Hakunusurika abiria. Vipande vililetwa kwa Kirkaldy: viungo vya chuma cha kusubu vilikatika kwa uzito mdogo kuliko uliotarajiwa.

Ndiyo maana majedwali ya wahandisi yamejaa tarakimu. Msomaji, ukiambiwa chuma ni imara, uliza: kwa uzito gani?