Uki, Ngoma na Mpira Ukambani

Wakamba wa Kitui na wa vilima vya Mbooni, ambavyo leo vimo katika Makueni, waliijua pombe tangu zama za kale, kwani mizinga waliyoitundika juu ya mibuyu na migunga iliwapa asali, nao wakaichanganya na maji, wakatia matunda makavu ya mwegea, ambayo kwao huitwa miatine, kisha wakakiweka kibuyu karibu na moto hata kilichomo kikachachuka, kikawa uki. Lakini uki huo haukuwa wa kila mtu, wala wa kila siku: ulinywewa kwenye mahari, tambiko na baraza za wazee, na Gerhard Lindblom, mwanachuoni wa Uswidi aliyekaa Ukambani mnamo 1911 na 1912, aliandika kwamba vijana walizuiwa. Fahari ya kijana ilikuwa upinde na ngoma, hasa mbeni, ambayo wachezaji wake huruka na kupinduka hewani. Na mlevi, bila shaka, hawezi kupinduka akashuka salama.

Ada hiyo ya kuwazuia vijana pombe ililegea fedha ilipoingia. Wakamba waliandikwa kwa wingi katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles (KAR) na polisi, wakarejea na mishahara. Sukari ya dukani ikashika mahali pa asali, na pombe ikawa ya yeyote mwenye senti mfukoni.

Mpira wa miguu ndio uliorithi heshima ya mbeni, ila haukurithi mwiko wake wa pombe. Sahibu yangu wa ujanani, winga wa kushoto ambaye mabeki walimhofu, alikuwa akipitisha kamba za viatu chini ya soli, akazifunga mafundo mawili, ndipo aingie uwanjani. Kila bao lilimletea chupa kutoka kwa mashabiki, ambao kwa dhati walidhani wanamtukuza, na msimu wake wa mwisho vidole vilitetemeka hata akaninyooshea mguu, akasema, "Nifungie, ndugu yangu." Alikuwa bado kijana.

Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua watu Kitui, Makueni, Embu na Kiambu, na wengine ikawapofusha. Wapo wanaomlaumu babu na kibuyu chake cha asali. Mimi naona wamemwonea, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na sharti, na sisi ndio tulioliondoa bila kuweka jingine. Basi enyi wenye timu, mfungaji wenu mnunulieni viatu, au mlipieni karo mdogo wake, lakini chupa msimpe.