Lugha Yetu: Mkulima wa Urusi na neno "mtumwa"
Waandishi wetu wakigusa Urusi ya kale huwaita wakulima wa makabaila "watumwa" au "watwana". Mtumwa, kwa asili ya neno, ni anayetumwa. Mtwana ni mtumwa wa kiume, mwenzake kijakazi. Warusi wenyewe walitenganisha: mtumwa alikuwa kholop, na mkulima huyu krepostnoi, yaani aliyefungwa. Sheria ya 1649 ndiyo iliyokaza fundo, ikimruhusu bwana kumrudisha mtoro hata ipite miaka mingapi. Kwa hiyo napendekeza "mkulima mfungwa wa ardhi". Ni refu, lakini linasema kweli.

Atakayepinga atasema: mbona waliuzwa na kuchapwa viboko? Ni kweli, na tusilifiche. Kufikia karne ya 18 mabwana waliwauza watu bila ardhi, mama huku, mtoto kule. Ila neno "mtumwa" linatufanya tudhani alilishwa na bwana, na hapo dhuluma nzito zaidi inatuponyoka. Huyu alijilisha mwenyewe, akalipa kodi ya kichwa, akatoa wanawe jeshini. Siku tatu za wiki, mara nyingi zaidi, alilima shamba la bwana kwa plau na farasi wake mwenyewe. Kiangazi cha kule ni kifupi mno, hivyo jua lilipowaka alivuna ya bwana huku shayiri yake ikipukutika kondeni. Na uhuru ulipotangazwa 1861, alipangiwa kuilipia ardhi hiyohiyo kwa miaka 49.