Nani Alipashiwa Mikono? Historia ya Glavu za Umeme, Kutoka Ndege za Vita Hadi Kijiwe cha Bodaboda Endasak

Mtu wa Dar akisikia neno baridi anawaza AC ya ofisini. Mtu wa Endasak akilisikia anaangalia vidole vyake.

Kwa wasiopajua, Endasak ipo wilaya ya Hanang, mkoani Manyara, kando ya barabara inayotoka Babati kwenda Katesh na kuendelea Singida. Hapo jirani umesimama Mlima Hanang, mita zaidi ya 3,400 kutoka usawa wa bahari. Ikifika Juni na Julai, alfajiri ya huko si mchezo. Ukungu umetanda, upepo unashuka mlimani, na bodaboda tayari yuko kijiweni anasubiri abiria anayewahi gari au hospitali.

Sasa ukiingia mtandaoni leo utakutana na glavu na soksi zenye waya ndani. Unabonyeza kitufe, mkono unapata moto. Wengi wanadhani ni kitu kipya cha juzi juzi. Kumbe kina zaidi ya miaka 100. Na ukifuatilia historia yake unagundua jambo moja: kila mara joto hilo lilienda kwenye mkono ambao kuna mtu mwenye pesa aliuhitaji ufanye kazi. Wengine walijipasha wenyewe.

KWANINI VIDOLE NDIO VYA KWANZA KUUMIA?

Mwili una akili zake. Ukipigwa na baridi unalinda kwanza moyo, ubongo na viungo vya ndani. Mishipa ya damu ya mikononi na miguuni inabana, damu ya moto inabaki katikati. Vidole vinaachwa vijitegemee.

Shida ni kwamba vidole havina cha kujitegemea nacho. Misuli mikubwa inayovikunja ipo kwenye mkono wa mbele, chini ya kiwiko. Ndani ya kidole ni mifupa, kano na ngozi, vitu ambavyo havitengenezi joto la maana. Ndiyo maana unaweza kuvaa makoti mawili na bado ukashindwa kufunga kifungo cha shati.

Ukiongeza mwendo, hali inakuwa mbaya zaidi. Kama hewa ni nyuzi 10 na unaendesha pikipiki kwa kilomita 60 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoa kana kwamba ni nyuzi 5 hivi. Hapo bado hujanyeshewa.

WAZEE WALIKUWA NA HITA ZAO

Kabla ya waya na betri, watu wa nyanda hizi hawakukaa wakitetemeka tu. Wairaqw, ambao wengi wanawaita Wambulu, walijenga nyumba zilizochimbwa ubavuni mwa kilima, paa la udongo likiwa karibu sawa na ardhi. Zilisaidia kujificha dhidi ya wavamizi wa mifugo, lakini zilikuwa na faida nyingine. Udongo mnene unapoa taratibu, na usiku ng'ombe na mbuzi walilala humo humo na watu. Ng'ombe mmoja ni hita tosha. Haitaki chaji wala luku.

Wabarabaig nao, wafugaji waliozunguka Mlima Hanang, walivaa ngozi. Sketi ya ngozi ya mwanamke wa Kibarabaig inajulikana mpaka leo kwa ufundi wake na heshima yake. Ngozi inazuia upepo, na upepo ndio mwizi mkubwa wa joto. Baadaye zikaja shuka na mablanketi ya dukani.

Hakuna anayejua jina la mtu wa kwanza aliyechimba nyumba ile, wala mama wa kwanza aliyelainisha ngozi ile. Lakini waliielewa kanuni: zuia upepo, tunza joto ulilonalo. Kitu ambacho hawakuwa nacho ni njia ya kuubeba moto mkononi huku unatembea.

RUBANI AKAWA WA KWANZA

Msingi wa kisayansi uliwekwa mwaka 1841, pale Mwingereza James Joule alipoonesha jinsi umeme unaopita kwenye waya unavyogeuka kuwa joto. Ndiyo kanuni hiyo hiyo inayochemsha maji ya chai kwenye birika la umeme nyumbani kwako.

Ila hakuna aliyeharakisha kuiweka kanuni hiyo ndani ya glavu mpaka vita ilipokuja. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, 1914 hadi 1918, marubani waliruka kwenye ndege zisizo na kioo cha kuwafunika. Huko juu upepo ulikuwa unawachana. Majeshi yakaanza kuwapa nguo, glavu na soli zenye waya za kupasha moto. Umeme mwingine ulitoka kwenye dinamo ndogo iliyozungushwa na upepo wa ndege yenyewe. Yaani upepo ule ule unaokugandisha ndio unaokupasha.

MPIGA BUNDUKI ALIYESIMAMA DIRISHANI

Kimbembe chenyewe kilikuja Vita Kuu ya Pili. Ndege za mabomu za Marekani aina ya B-17 ziliruka juu sana kwenda kushambulia Ujerumani. Huko joto lilishuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, na wakati mwingine zaidi. Ubavuni mwa ndege walisimama wapiga bunduki, vijana wa miaka 20 hivi, mbele ya madirisha ambayo kwenye ndege za mwanzo yalikuwa wazi kabisa.

Bunduki ikikwama, kijana alivua glavu nene ili airekebishe. Ngozi ya kidole ikigusa chuma chenye baridi hiyo inaganda na kunatia hapo hapo. Wengi walipoteza vidole. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mpaka mwishoni mwa 1943, kwenye kikosi cha nane cha anga cha Marekani, walioondolewa kazini kwa majeraha ya baridi walikuwa wengi kuliko walioondolewa kwa majeraha ya adui. Baridi iliwapiga kuliko Wajerumani.

Jeshi likaingia gharama. Wakapewa suti, glavu na viatu vya umeme vilivyochomekwa kwenye umeme wa ndege. Suti za mwanzo zilikuwa na kasoro: waya ziliunganishwa kwa mfuatano kama zile taa za zamani za mti wa Krismasi. Sehemu moja ikikatika, suti nzima inazima. Fikiria uko kilomita nane angani, saa kadhaa kutoka nyumbani, na mguu wako umezimika. Baadaye mafundi wakatenganisha njia za umeme, ili glavu ikifa kiatu kiendelee kuwaka.

Angalia hesabu ya jeshi. Hawakumpasha kijana yule kwa sababu ya huruma peke yake. Kidole kilichoganda hakivuti kitufe cha bunduki, na ndege isiyojilinda inaanguka na watu 10 ndani yake.

KUTOKA ANGANI HADI KWENYE PIKIPIKI

Vita ikaisha, ujuzi ukabaki. Miaka ya 1970 waendesha pikipiki wa Marekani wakaanza kununua jaketi na glavu zinazochota umeme kwenye betri ya pikipiki. Wateja walikuwa watu wanaosafiri umbali mrefu kipindi cha baridi, na walikuwa na pesa ya kulipia starehe hiyo.

Hatua iliyofuata ilikuwa kukata waya. Mwaka 1991 kampuni ya Sony ya Japani iliingiza sokoni betri za lithiamu, ndogo, nyepesi na zenye nguvu, zile zile zilizokuja kujaa kwenye simu zetu. Wanasayansi watatu walioweka msingi wa betri hizo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Betri zikiwa nyepesi hivyo, glavu ingeweza kubeba moto wake yenyewe. Wateleza kwenye theluji, wawindaji na wazee wenye miguu ya baridi huko Ulaya na Marekani wakazipata madukani.

NA HUKU KWETU?

Huku kwetu joto lilikuja kwa njia ya mtumba. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, makoti mazito ya Ulaya yakaanza kumwagika kwenye minada na magulio. Koti lililotengenezwa kwa ajili ya theluji likapata maisha ya pili chini ya Mlima Hanang.

Kisha zikaja pikipiki za bei nafuu kutoka China na India. Mwaka 2010 serikali ikatoa kanuni za leseni za kusafirisha abiria kwa pikipiki na bajaji, na bodaboda akawa mtu rasmi wa barabarani. Kwenye maeneo ya baridi akaibuka na ubunifu wake. Koti analivaa mbele nyuma ili zipu isipitishe upepo kifuani. Soksi zinageuka glavu. Mfuko wa plastiki unaingia ndani ya buti.

Ni mbinu nzuri, na ni kanuni ile ile ya mama wa Kibarabaig: zuia upepo. Tatizo ni kwamba kidole kikishapoteza joto, soksi haikirudishii.

Na hapa ndipo jambo lenyewe lilipo. Breki ya mbele ya pikipiki ipo mkono wa kulia, klachi mkono wa kushoto. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, pikipiki inakata mita karibu 14 kila sekunde. Kidole kilichokufa ganzi kikichelewa nusu sekunde tu kubana breki, umeshaenda mita 7 zaidi. Mita 7 ndiyo tofauti kati ya kumkwepa mtoto wa shule anayevuka na kumgonga. Nyuma amekaa mama mjamzito anayewahishwa zahanati. Mkono ule una thamani gani ukilinganisha na ule wa mpiga bunduki wa 1943?

INAWEZEKANA AU NI NDOTO?

Kiufundi hakuna miujiza. Balbu ya mbele ya pikipiki nyingi ndogo inakula wati 35. Jozi ya glavu za umeme inaweza kutumia wati 20 hadi 30 hivi. Yaani ni kama kuongeza taa nyingine. Umeme wa pikipiki ndogo hauna ziada kubwa, kwa hiyo usiziwashe injini ikiwa inanguruma taratibu kijiweni, utamaliza betri. Lazima kuwe na fyuzi, na fundi aunganishe zizime ukizima switchi.

Njia nyingine ni pawabenki. Ile ya mAh 10,000 inaweza kuendesha glavu za wati 10 kwa muda wa saa tatu hivi. Saa tatu ndizo zile zenyewe, kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka jua linapochomoza vizuri. Kuchaji nako si tatizo kama zamani, maana tangu Wakala wa Nishati Vijijini, REA, uanze kazi mwaka 2007, nguzo zimesogea mpaka vijijini.

Ila tahadhari. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia za miguu asitumie soksi za umeme bila kumuona daktari, anaweza kuungua asijue. Betri iliyovimba usiivae. Na anayekwepa gharama kwa kuingiza jiko la mkaa chumbani akalala nalo, anacheza na kifo. Gesi ya sumu ya mkaa haina harufu wala rangi, na inaua mtu akiwa usingizini.

MWISHO WA SIKU

Miaka 100 imepita na mpangilio haujabadilika. Rubani alipashiwa na jeshi. Mwenye pikipiki kubwa Marekani alijinunulia. Mlinzi wa usiku wa duka, muuza maziwa wa alfajiri na bodaboda wa Endasak bado wanapuliza vidole kwa mdomo.

Vyama vya bodaboda vinakopeshana hela za tairi na bima. Halmashauri zinagawa kofia ngumu na viakisi mwanga kwenye kampeni za usalama. Glavu ya kuzuia upepo, hata isiyo na umeme, haijaingia kwenye orodha hiyo, wakati ndiyo inayogusa breki moja kwa moja.

Swali kwa wadau wa Hanang, Mbulu, Njombe, Makete na kote kwenye baridi: alfajiri ya Julai mikono yako unaiokoaje? Na abiria, je, umewahi kumuuliza dereva wako kama anavihisi vidole vyake kabla hujapanda? Shusha maoni yako hapo chini.