Ligi Inapanda, Shinyanga na Geita Zinashuka

Kijiweni Kahama ubishi hauishi: ligi ya Bongo ni ngumu kweli au watu wanajipa moyo? Shabiki wa Simba anataja robo fainali za Ligi ya Mabingwa Afrika, 2019 na 2021. Pointi zile zilisaidia Tanzania kupata nafasi 4 CAF. Wa Yanga anamkata: na vile viporo je?

Jamaa mmoja pembeni anahesabu vingine. 2019, Stand United ikashuka daraja. 2021, Mwadui ikafuata. Geita Gold ilimaliza ya 4 msimu wa 2021/22, ikacheza Kombe la Shirikisho kupitia nafasi hizo hizo. 2024 nayo chali.

Ligi imekua, sawa. Ila gharama ya huo ugumu wamelipa Shinyanga na Geita.