Utambuzi wa sare na vyeo katika picha za wanajeshi wa Ujerumani

Utambuzi wa sare na vyeo katika picha za wanajeshi wa Ujerumani ni njia ya kujua kikosi, cheo na kipindi cha utumishi wa askari kwa kuchunguza mavazi yake katika picha za Vita Kuu ya Kwanza (1914-1918) na Vita Kuu ya Pili ya Dunia (1939-1945). Hutumiwa na wanahistoria, watunza nyaraka na familia zinazotafuta habari za mababu zao.

Umuhimu wake
Sehemu kubwa ya kumbukumbu za jeshi la Prussia ziliteketea mjini Potsdam katika shambulio la ndege la Aprili 1945. Kumbukumbu za Bavaria zilisalia mjini München. Hivyo kwa familia nyingi picha moja ya zamani ni kati ya ushahidi mchache uliobaki. Kosa la kuisoma linaweza kumhusisha mtu na kikosi ambacho hakukitumikia, au kuficha kile alichokitumikia.

Vita Kuu ya Kwanza
Mwanzoni mwa vita askari wengi walivaa Pickelhaube, yaani kofia ya ngozi yenye ncha juu. Vitani ilifunikwa kwa kitambaa, na mara nyingi namba ya rejimenti iliandikwa mbele yake. Kofia ya chuma, Stahlhelm, ilianza kutolewa mwaka 1916. Picha inayoionyesha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Koti lenye vifungo vilivyofichwa kwa mbele lilianzishwa mwaka 1915.

Kofia ya kitambaa ilikuwa na beji mbili ndogo za duara. Ya juu ilikuwa ya Dola la Ujerumani, ya chini ya nchi ya askari: nyeusi na nyeupe kwa Prussia, nyeupe na buluu kwa Bavaria, nyeupe na kijani kwa Saksonia.

Gefreiter alikuwa na kifungo kimoja kila upande wa kola. Unteroffizier alikuwa na utepe kwenye kola na mikononi. Maafisa walitambuliwa kwa mabega: Leutnant hakuwa na nyota, Oberleutnant alikuwa na moja, na Hauptmann mbili. Kwa hiyo bega lisilo na nyota si lazima liwe la askari wa kawaida.

Vita Kuu ya Pili
Kuanzia mwaka 1934 sare ya jeshi la nchi kavu ilikuwa na tai mwenye swastika upande wa kulia wa kifua. Waffen-SS waliweka tai wao kwenye mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Tofauti hii ni ya kwanza kuangaliwa, kwa kuwa SS ilikuwa chombo cha chama cha Nazi na si sehemu ya jeshi la kawaida.

Gefreiter alivaa alama moja ya V kwenye mkono wa kushoto, na Obergefreiter mbili. Unteroffizier alikuwa na utepe kwenye ukingo wa bega, ulioachwa wazi upande wa chini. Kwa Feldwebel utepe ulizunguka bega lote na kulikuwa na nyota moja.

Nishani
Msalaba wa Chuma una mwaka katika mkono wake wa chini: 1914 au 1939. Wa daraja la kwanza ulibandikwa kifuani upande wa kushoto. Wa daraja la pili mara nyingi huonekana kama utepe tu kwenye tundu la kifungo. Mzee aliyepigana vita vya kwanza aliweza kuvaa nishani ya 1914 katika vita vya pili.

Makosa ya kawaida
Filamu nyingi za zamani hazikuhisi rangi nyekundu: nyekundu hutoka nyeusi na buluu hutoka nyeupe. Hivyo rangi za matawi ya jeshi, kama nyeupe ya askari wa miguu na waridi ya vifaru, hazithibitishwi kwa picha isiyo na rangi peke yake. Picha pia huweza kuchapishwa kinyume, na hapo tai huhamia kifua cha kushoto. Nyuma ya picha huenda pakawa na jina la studio, mji au namba ya posta ya kijeshi.

Afrika ya Mashariki ya Kijerumani
Katika picha za Schutztruppe, askari Waafrika huonekana na tarbushi iliyofunikwa kwa kitambaa cha kaki, na tai mbele yake. Vyeo vyao vilikuwa ombasha, shaushi, betshaushi na soli, na alama za V mkononi ziliongezeka kadiri cheo kilivyopanda. Majina hayo yana asili ya Kituruki na yalifika kupitia askari Wasudani waliotoka Misri. Picha nyingi za askari hao zilipigwa na Walther Dobbertin, na zimehifadhiwa katika Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani.