Baba, Mama na Watoto: Somo la Jamaa ya Kolwezi juu ya Utii na Uaminifu



Kwa ajili ya yubile ya parokia yetu niliombwa kuandika maneno machache juu ya amri ya ine ya Mungu, ile yenye kuagiza watoto kuheshimu baba na mama. Niliwaza kwanza kuieleza namna tunavyoifundisha katika katekisimu. Lakini mutoto mumoja alinibadilisha mawazo. Ana miaka kumi na mbili, naye anajitayarisha kwa komunyo ya kwanza. Siku moja, kisha mafundisho, alibaki nyuma ya wenzake, akaniuliza: «Mwalimu, siku ya Mungu mama ananituma kuosha mawe kwenye muto. Nikienda Misa, nimevunja amri ya ine. Nikienda kwenye muto, nimevunja amri ya tatu. Nifanye nini?»

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimuomba angoje kidogo. Nilipowaza nyumbani, nikakumbuka kwamba swali hili si jipya. Liliulizwa hapa Kolwezi zaidi ya miaka makumi tano iliyopita, tena katika ukoo wangu. Kwa hiyo naomba ruhusa ya kuwaeleza historia kwanza, kisha turudi kwa mutoto huyu.

1. Kazi ni baba, kazi ni mama

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka wa 1906. Siku za kwanza wafanyakazi walikuja kwa muda mufupi, halafu walirudi kwao. Karibu na mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilibadilisha njia. Ilitaka mufanyakazi akae katika kambi pamoja na muke na watoto. Nyumba ilitoka kwa kampuni, posho ilitoka kwa kampuni, dawa vile vile, na masomo ya watoto yaliwekwa katika mikono ya wamisionari. Ni hivyo wakubwa wetu walivyoishi hapa Kolwezi, Ruwe na Musonoi. Wao wenyewe walikuwa na usemi wao: kazi ni baba, kazi ni mama.

Katika kambi kama hizo mutoto alimusikia baba yake, na baba alimusikia mukubwa wa kambi. Utaratibu ulikuwa mwingi. Lakini utii wa namna ile ulikuwa umesimama juu ya nini? Kwa sehemu kubwa ulisimama juu ya posho. Mwana-historia wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, katika kitabu chake cha mwaka wa 2001 juu ya watoto wa shaba walioachwa na baba yao, ameonyesha vizuri namna mamlaka ya baba katika jamaa za wafanyakazi ilivyotegemea kazi ile, na namna ilivyotikisika siku kazi ilipotikisika.

2. Padri Tempels na watu wa Jamaa

Katika kambi hizo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, lilizaliwa jambo ambalo lilitoka Kolwezi na kufika mbali, hata Lubumbashi, Likasi na Kasai. Ni Jamaa. Padri Placide Tempels, Mufransisko kutoka Ubelgiji, alizaliwa mwaka wa 1906, akafika Kongo mwaka wa 1933. Wasomi wa dunia yote wanamujua kwa kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu, kilichotoka kwa Kifaransa mwaka wa 1945. Lakini wazee wa hapa walimujua kama mutu aliyeketi pamoja na wafanyakazi na wake zao, akiwauliza: ninyi mnatafuta nini katika maisha?

Kutoka mazungumzo hayo yalitoka mawazo makubwa matatu ambayo watu wa Jamaa waliyafundisha siku zote: uzima, uzazi na mapendo. Kila mutu anataka kuwa na uzima, anataka kuzaa, anataka kupenda na kupendwa. Katika Jamaa mutu hakuingia peke yake kama alikuwa na ndoa. Mume na muke waliingia pamoja, wakafundishwa pamoja, wakajifunza kuunganisha mawazo yao. Wale waliowafundisha waliitwa baba na mama, na wale waliofundishwa walikuwa watoto wao katika roho. Hata padri alipokea majina hayo kwa furaha.

Nkambo wangu, mufanyakazi wa mugodi, aliingia Jamaa pamoja na muke wake. Nilipokuwa mutoto aliniambia kwamba, mbele ya siku zile, hakuwa akimuambia muke wake mushahara wake ni franga ngapi. Jamaa ilimufundisha kuweka franga zote juu ya meza mbele ya muke wake, na kuongea naye mbele ya kutoa amri kwa watoto. Alisema: «Kuzaa mwili ni kazi ya usiku mumoja. Kuzaa mawazo ya mutoto ni kazi ya miaka makumi mbili.» Kadiri yake, mutoto anayezaliwa hivyo anasikia wazazi bila fimbo nyingi, kwa sababu amewaona wao wenyewe wakisikilizana.

Ndugu wapenzi, hapo tunaona tofauti. Utii wa posho unaomba mutoto anyamaze. Utii wa mapendo unaomba mutoto asikilize, na kwa kusikiliza atajua kwa nini anatumwa. Mutakatifu Paulo, akiwaandikia Waefeso katika sura ya sita, hakuishia kwa watoto. Kisha kuwaagiza kutii, aliwageukia mara moja wababa, akawakataza kuwachokoza watoto wao. Amri ni moja, lakini inashikwa na mikono miwili.

3. Jaribu la watu wa Jamaa

Padri Tempels aliondoka Kongo mwaka wa 1962, akafa kwao Ubelgiji mwaka wa 1977. Nyuma yake Jamaa iliendelea kukua, na shida zilikua pamoja nayo. Mafundisho yalitolewa kwa ngazi, na mengine kwa siri. Vikundi vingine vilipotosha mafundisho juu ya umoja wa mume na muke. Viongozi wengine walianza kujiona kwamba hawana tena haja ya padri. Si wote waliokuwa na kosa. Wengi walikuwa Wakristu wa kweli. Lakini maaskofu walikuwa na wajibu wa kuchunga kundi lote.

Dyosezi yetu ya Kolwezi iliundwa mwaka wa 1971. Katika miaka hiyo ya 1970 maaskofu wa jimbo letu, lililoitwa wakati ule Shaba, waliwaomba watu wa Jamaa waache mafundisho yale ya siri na wajiweke chini ya wachungaji wao. Wenye kukataa hawakuweza tena kupokea sakramenti. Hapo wale waliofundisha wengine kutii waliulizwa kama wao wenyewe wanaweza kutii.

Tusihukumu kwa haraka. Kwa wazee wale, Jamaa haikuwa kama kikundi cha nyimbo ambacho mutu anakiacha kesho. Ndani yake walikuwa wamejifunza kupenda wake zao. Kuambiwa «acha» kulikuwa kama kukatwa mukono. Wengi walitii na machozi. Wengine walitoka, wakaanza kusali peke yao, na vikundi vya namna hiyo vilidumu miaka mingi.

Nkambo wangu alitii. Mudogo wake, aliyekuwa amezaliwa katika Jamaa kwa mikono yake, alikataa. Tangu siku ile ndugu hao wawili, wenye kukaa nyumba tatu mbali, hawakula tena bukari kwenye sahani moja.

4. Binti aliyeomba njia kila siku ya Mungu

Mudogo huyo alikuwa na binti wa miaka kumi na mbili, shangazi yangu, aliyekuwa anafundishwa kwa komunyo ya kwanza. Baba yake alimukataza asikanyage tena parokia. Binti akakimbilia kwa nkambo wangu, akauliza swali lile lile la mutoto wa leo: nikimusikia baba, ninamuacha Yezu, nikimufuata Yezu, ninamukosea baba.

Nkambo angeweza kumuficha nyumbani mwake. Hakufanya hivyo. Alimuambia: «Rudi kwa baba yako. Amka mbele ya wote. Chota maji, twanga, fagia, usimupe neno la kunung'unika. Lakini kila siku ya Mungu asubui piga magoti mbele yake, umuombe njia ya kwenda Misa. Akikataa, baki na usali kimya. Usiibe njia. Lakini usiache kuomba. Na akikuagiza kumukana Yezu kwa mudomo wako, neno hilo peke yake usimusikie.»

Shangazi aliomba hivyo karibu mwaka muzima. Siku za kwanza baba alifoka. Baadaye alinyamaza. Mwisho, asubui moja, mbele binti hajapiga magoti, baba alimuambia: «Enda. Nimechoka kukuona mutii kuliko mimi.»

Nisiongeze utamu kwa historia hii. Baba yule hakurudi parokia hata kufa kwake. Alizikwa na watu wa kikundi chake, na kaka yake alisimama mbali kidogo na kaburi, akilia. Lakini ni shangazi, yule aliyekatazwa, aliyemuosha na kumulisha katika ugonjwa wake miaka miwili. Uaminifu wake kwa Eklezya haukumuondolea baba. Ulimupa nguvu ya kumuheshimu hata mwisho.

Ni njia ambayo Bwana wetu mwenyewe aliipita. Luka anaeleza katika sura ya pili namna Yezu, akiwa na miaka kumi na mbili, alivyobaki katika hekalu, akawakumbusha wazazi wake kwamba ana Baba mwingine wa kutiiwa kwanza. Lakini Injili haiishi pale. Alishuka nao Nazareti, akawatii. Mungu kwanza, na kwa ajili ya Mungu, wazazi vile vile. Kwa hiyo Eklezya inafundisha kwamba mutoto atii katika yote yenye haki, na kwamba hakuna muzazi mwenye ruhusa ya kumuagiza zambi.

5. Swali la leo

Baba mukubwa wa zamani, ile kazi, amezeeka. Mwaka wa 1990 mugodi wa Kamoto ulibomoka, na uzalishaji wa Gécamines ukaanguka vibaya. Mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni waliachishwa kwa mupango ulioitwa wa kupenda. Baba wengi walirudi nyumbani bila mushahara na bila neno la kuwaambia watoto. Mwaka wa 2014 kobalti ilionekana chini ya nyumba za Kasulo, na watu wakachimba hata ndani ya viwanja vyao. Hivi katika nyumba nyingine mutoto ndiye mwenye kuleta unga, na baba anaomba heshima kwa mutoto ambaye amemulisha. Utii uliosimama juu ya posho umeanguka pamoja na posho.

Sheria ya inchi yetu ya mwaka wa 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inakataza kazi za namna hiyo. Tangu mwaka wa 2019 serikali ilitangaza masomo ya musingi ya bure. Masista wa Mchungaji Mwema, waliofika Kolwezi mwaka wa 2012, wamewatoa watoto wengi machimboni na kuwarudisha masomoni. Haya yote ni mazuri. Lakini sheria haiingii ndani ya nyumba saa moja ya asubui, wakati mama anaangalia chungu kitupu.

Basi, nilikwenda kumuona mama wa mutoto yule. Nilikuta mujane mwenye watoto watano. Si mama mubaya. Nilipomueleza amri ya ine, alinijibu: «Mwalimu, amri hiyo inasema mutoto aniheshimu. Inasema pia nani atanisaidia nimuheshimu yeye?» Nilinyamaza. Nilirudi kwa shirika la mutaa wetu, tukachanga unga wa mwezi mumoja, na wababa wawili wakakubali kumutafutia mama kibanda kidogo sokoni.

Mutoto nilimupa jibu la nkambo wangu: msikie mama katika yote yenye haki, omba njia kila siku ya Mungu, usiibe, usiache kuomba. Lakini niliongeza neno moja ambalo nkambo hakuwa na haja ya kulisema: shimo si utii. Mutoto asihesabu zambi kwake kama anakataa kushuka mahali anapoweza kufa. Na kama analazimishwa kwenye muto, kosa si lake; ni letu tuliolala.

Tangu wakati ule anakuja Misa. Katika likizo ya mwisho nilisikia kwamba alionekana tena kwenye muto siku mbili. Kazi haijaisha.

Wazazi wapenzi, wazee wa Jamaa walituachia neno moja ambalo Eklezya haikulikataa kamwe: mume na muke wasikilizane kwanza, halafu mutoto atawasikia. Na wale waliotii kwa machozi walituachia la pili: mwenye kutaka kutiiwa, ajifunze kutii. Mutaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka wa 1964, uliita nyumba ya Wakristu Eklezya ya nyumbani. Katika mwaka huu wa yubile ninaomba kila nyumba ya parokia yetu itenge jioni moja kila juma, baba, mama na watoto, bila redio na bila simu, kila mumoja aseme naye asikilizwe. Na kila shirika lijue ni mutoto gani wa mutaa wake anayekosa Misa kwa sababu ya njaa.

Bikira Maria na Mutakatifu Yozefu, waliotiiwa na Mwana wa Mungu, watuombee.